Wanaopanga foleni na wanaosikika

Swali: "Ni mwaka wa sita sasa niko kwenye uenyekiti wa kamati ya shule ya msingi kijijini kwetu, mkoa wa Singida. Kuna jambo linanisumbua. Siku ya kupiga kura, wanaoamka alfajiri kupanga foleni ni watu wa darasa la saba na wale ambao hawakusoma kabisa. Ukija mkutano mkuu wa kijiji, wanaosema ni walewale wanne: mwalimu mstaafu, mwenye duka la pembejeo, ofisa ugani na mchungaji. Binti yangu amemaliza kidato cha nne shule ya kata. Nyumbani anabishana nami mpaka namkubalia, lakini mkutanoni hajawahi kunyoosha mkono. Je, hili linatoka shuleni au linatoka majumbani mwetu? Na kamati kama yetu ina la kufanya?"

Jibu:

Mwenyekiti, kupiga kura na kusikika ni mambo mawili, na shule haiyagusi kwa namna moja. Wewe umeliona hilo kwa macho yako pale kijijini. Niseme mapema ninachoamini baada ya miaka mingi ya kufundisha na kutafiti jambo hili: shule zetu haziwanyimi watu kura. Zinawagawia sauti, na zinawagawia kwa kipimo kisicho sawa.

Nianze na kura. Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya, kadiri mtu alivyosoma ndivyo anavyoelekea zaidi kwenda kupiga kura. Kwetu mambo hayako hivyo. Tafiti za maoni za Afrobarometer, zinazofanywa katika nchi nyingi za bara hili tangu 1999, zinaonyesha kwamba elimu haiongezi sana uwezekano wa mtu kupiga kura, na mahali pengi watu wa vijijini hujitokeza kuliko wa mijini. Zimbabwe inatufundisha zaidi. Baada ya uhuru mwaka 1980, serikali iliwafungulia Waafrika milango ya sekondari iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi. Miaka mingi baadaye watafiti wanne, Croke, Grossman, Larreguy na Marshall, waliwafuatilia walionufaika. Walikuta kwamba waliosoma zaidi kwa sababu ya mageuzi yale walishiriki siasa kidogo zaidi kuliko wenzao. Walikuwa wanaipenda demokrasia na wanaijua siasa ya nchi yao vizuri, na kwa sababu hiyo hawakuona faida ya kwenda kuupamba uchaguzi ambao matokeo yake yalikuwa yanajulikana. Walijitenga kwa makusudi.

Kwa hiyo foleni ya alfajiri unayoiona isikudanganye kwamba usawa umepatikana. Kura husema nani ashike ofisi, haisemi kisima kichimbwe wapi. Hilo la kisima huamuliwa na anayesimama, anayeandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, anayeomba kuonyeshwa stakabadhi. Mtafiti wa Marekani Sidney Verba na wenzake walilieleza vizuri katika miaka ya 1990. Ushiriki wa siasa hutegemea stadi za kawaida kabisa, kama vile kuandika barua, kuendesha kikao na kuongea mbele ya watu usiowazoea. Mtu asiye na stadi hizo ana maoni yake kama mwingine yeyote. Kinachompungukia ni njia ya kuyafikisha.

Sasa, ni shule au ni nyumba? Ugumu wa swali hili ni kwamba mtoto wa mwalimu mstaafu husoma zaidi kwa sababu ni mtoto wa mwalimu. Ukimkuta ukubwani anasema mkutanoni, huwezi kujua kama ni darasa lililomfunza au ni meza ya chakula nyumbani kwao. Njia nzuri ya kutenganisha ni kutazama mahali ambapo serikali ilibadilisha shule huku nyumba zikibaki zilivyo.

Sweden walifanya hivyo. Kati ya 1987 na 1991 walifanya majaribio katika baadhi ya manispaa kwa kurefusha masomo ya ufundi ya sekondari kutoka miaka miwili hadi mitatu na kuyaongezea masomo ya jumla. Lindgren, Oskarsson na Persson walipochunguza baadaye nani alipiga kura, hawakuona tofauti ya maana kwa wastani. Lakini walipowatenga watoto waliotoka familia za hali ya chini, waliona hao wamepanda, na pengo kati yao na watoto wa wenye nacho limepungua. Maana yake ni kwamba mtoto wa nyumba yenye vitabu angepiga kura hata hivyo, na mtoto wa nyumba isiyo navyo ndiye aliyekuwa anaihitaji shule.

Benin ni karibu zaidi na sisi. Leonard Wantchekon na wenzake walifuatilia vijiji vilivyopata shule za kwanza kabisa wakati wa ukoloni. Wanafunzi wale wa mwanzo walikuja kuwa wanachama wa vyama na wapiga kampeni kuliko watu wa vijiji jirani visivyokuwa na shule, na neema ile iliwafikia hata wapwa zao, watoto wa ndugu ambao hawakuwahi kuingia darasani. Basi shule moja inaweza kuuinua ukoo mzima.

Lakini usishangilie haraka. Busia, magharibi mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasichana wa darasa la sita katika shule zilizochaguliwa kwa bahati nasibu waliahidiwa ufadhili kama wangefanya vizuri kwenye mtihani. Miaka kadhaa baadaye walikuwa wamesoma zaidi, wanajua siasa zaidi, na walikataa kwa nguvu zaidi wazo la mwanamume kumpiga mke wake. Vizuri sana. Ila hawakujiona na nguvu zaidi ya kubadili chochote, wala hawakushiriki zaidi katika mambo ya jamii yao, na hawakuwa na nia kubwa zaidi ya kupiga kura. Nikisoma matokeo yale namwona binti yako. Kichwa kimejaa na mkono uko chini. Kwa hiyo wingi wa miaka darasani peke yake haujibu swali lako. Inabidi tuangalie shule yenyewe inamfanyia nini mtoto.

Kwetu Tanzania ninaona mambo matatu, na la kwanza ni mchujo.

Sikiliza lugha yetu wenyewe. Matokeo ya darasa la saba yakitoka tunasema fulani "amechaguliwa", fulani "hakuchaguliwa". Mtoto wa miaka 13 au 14 anaambiwa mbele ya kijiji kizima kwamba hakuchaguliwa. Miaka minne au mitano baadaye tunamwita huyohuyo tunamwambia, njoo uchague. Anakuja, anachagua, anarudi nyumbani, kwa sababu katika akili yake kusema ni kazi ya waliochaguliwa. Umewahi kuhesabu ni watu wangapi mkutanoni wanaanza hoja yao kwa kusema "mimi ni darasa la saba tu, lakini..."? Mimi nimehesabu. Mwalimu mstaafu hajawahi kuanza kwa kuomba radhi.

Nyerere aliliona hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilalamika kwamba shule ya msingi imekuwa ngazi ya kwendea sekondari wakati ni asilimia 13 tu ya watoto watakaopata nafasi huko. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, na alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule: walime nini, mapato yatumikeje. Sehemu ya jembe ilitekelezwa. Sehemu ya kuamua ilisahaulika karibu kila mahali, na nadhani hilo ni moja ya makosa makubwa tuliyofanya katika elimu yetu. Watoto walijifunza kulima shamba ambalo hawakuwa na neno juu yake.

Mchujo wenyewe umelegea tangu hapo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004 na shule za kata ulifungua sekondari kwa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuiota, na ada ilipoondolewa mpaka kidato cha nne mwaka 2016 mlango ukapanuka zaidi. Mimi ni mtetezi wa shule za kata na nitabaki hivyo. Lakini tulijenga kuta haraka kuliko tulivyoandaa walimu, na mtihani wa kidato cha nne wa 2012 ukatuumbua: karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri, mpaka serikali ikalazimika kuyafuta matokeo na kuyapanga upya. Wale waliopata sifuri leo ni watu wazima, ni raia. Mchujo ulisogezwa mbele kwa miaka minne na fedheha yake ikasogea nao.

Wajerumani wanachuja mapema kuliko sisi. Katika majimbo yao mengi mtoto hutenganishwa baada ya darasa la nne, akiwa na miaka kama kumi, huyu aende shule ya kuelekea chuo kikuu, yule aelekee ufundi. Wamebishana kwa miongo mingi kuhusu hilo, na sehemu ya ubishi wao ni hii hasa, kwamba ukiwagawa watoto mapema hivyo, unagawa pia nani atakua akijiona mwenye haki ya kuulizwa.

Jambo la pili ni lugha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nililiishi.

Nilianza kazi nikifundisha Civics katika sekondari ya kutwa. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 70. Somo lilihusu demokrasia, haki na wajibu wa raia, na lote lilikuwa kwa Kiingereza. Niliuliza maana ya demokrasia. Mkono mmoja, wa kiranja, akakariri sentensi ya kitabuni bila kukosea nukta. Nikauliza nani ana mfano wa hapa kwetu. Kimya. Walikuwa watoto walewale ambao saa nne, nje ya darasa, walikuwa wanajadili ligi, bei ya vitunguu na ugomvi wa majirani kwa ufasaha ambao mbunge angeutamani. Siku moja nikavunja utaratibu. Nikawauliza kwa Kiswahili: kamati ya maji ya kijiji chenu imekula hela ya dizeli, pampu imezimika, mtafanyaje? Kengele ililia wakakataa kutoka. Msichana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye sikuwa najua sauti yake ikoje, alisimama akasema kwanza tuombe daftari la makusanyo kabla ya kumtuhumu mtu. Wiki ileile nilionywa kwa kutumia Kiswahili darasani. Wanafunzi waliokutwa wakiongea Kiswahili uani walikuwa wanavishwa kibao shingoni.

Fikiria hesabu yake, Mwenyekiti. Kwa miaka saba mtoto anajifunza kwa lugha anayoimudu. Anaingia kidato cha kwanza, umri ule ambao kijana anaanza kuwa na maoni yake mwenyewe, tunambadilishia lugha. Anafundishwa kwamba kukosea ni aibu na kunyamaza ni usalama. Anafanya mazoezi ya kunyamaza kila siku ya shule kwa miaka minne. Kisha anahitimu, anarudi kwenye mkutano wa kijiji unaoendeshwa kwa Kiswahili, na sisi tunashangaa mbona hasemi. Kunyamaza kwake ni ustadi aliofundishwa akaufaulu.

Kuna dalili za kubadilika. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Hilo limenifurahisha sana. Masomo mengine bado ni kwa Kiingereza, na simlaumu mzazi anayetaka mwanawe akijue Kiingereza, na mimi nataka wangu wakijue. Kufundishwa Kiingereza vizuri na kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza usichokijua ni mambo tofauti kabisa.

La tatu ni mfuko, na nitalipita haraka. Mwenye uwezo hupeleka watoto shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza. Huko mtoto wake anapata midahalo, sherehe za wazazi, nafasi ya kushika kipaza sauti akiwa na miaka tisa. Hiyo ni faida yake. Hasara yetu ni kwamba mzazi yule, ambaye ndiye angejua kumsumbua ofisa elimu kuhusu upungufu wa madawati, hana mtoto tena kwenye madawati yale. Akiondoka anaondoka na sauti yake, na mkutano wa wazazi wa shule ya serikali unabaki na wale tuliowafundisha kunyamaza.

Wapo pia wanaofunga mlango kwa sheria, tena mchana kweupe. Katiba ya Uganda ya 1995 inataka mbunge awe na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Kenya walitaka shahada kwa wabunge na wawakilishi wa wadi, Mahakama Kuu ikalitupa sharti hilo kabla ya uchaguzi wa 2022, ingawa rais na magavana bado wanatakiwa kuwa na shahada. Katiba yetu inataka mbunge ajue kusoma na kuandika, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, basi. Hapo tuko sawa, na natumaini hakuna atakayetushawishi kuwafuata majirani. Hao wachache wenye shahada wamepatikana kwa mchujo uleule niliousimulia.

Umeuliza kamati ina la kufanya. Inalo, na historia yetu inasaidia. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilirusha vipindi kila wiki, na watu kama milioni mbili, wengi wao wasiojua kusoma vizuri, walikaa katika vikundi vidogo vijijini, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufukia madimbwi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kazi moja kubwa, kuwafanya wengine waseme. Waliosema mle walikuwa watu wa kawaida kabisa, walioulizwa kwa lugha yao, katika kundi dogo, juu ya jambo waliloweza kulifanya kesho yake.

Chukua umbo lile ulilete kwenye mkutano wako wa wazazi. Kabla ya kufungua hoja mbele ya watu 200, wape dakika 15 wakae kumikumi, kila kundi limteue wa kulisemea, na mkubaliane kwamba asiwe mtu aliyesema mkutano uliopita. Wale wanne watakaa na makundi yao kama wengine. Usiwanyamazishe, tunawahitaji, ila wasiwe wa kwanza. Mama anayesema "kundi letu limesema" hana haja ya kuomba radhi kwamba ni darasa la saba, kwa kuwa amebeba maneno ya watu tisa wengine.

Kwa watoto, zungumza na mwalimu mkuu kuhusu viranja. Shule nyingi huwateua ofisini na kuwatangaza mstarini. Wenzetu wa Kenya walianza mwaka 2009 kuwaelekeza wanafunzi wa sekondari wachague baraza lao wenyewe, na sheria yao ya elimu ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza hilo kiti kwenye bodi ya shule. Hamhitaji sheria mpya kufanya uchaguzi wa siri wa viranja wa darasa la sita. Mnahitaji karatasi, sanduku, na mwalimu atakayekubali matokeo. Lakini viranja hao wapewe jambo la kuamua. Uchaguzi wa kiongozi asiye na neno unamfundisha mtoto kwamba uchaguzi ni maigizo, na Zimbabwe imetuonyesha mtu mzima aliyekwisha kujifunza hivyo hufanya nini. Shule yenu hupata ruzuku ya uendeshaji kutoka serikalini. Waulizeni watoto kipande kidogo cha fedha hiyo kiende wapi, kisha mkitumie walivyosema. Na shamba la shule lipo bado, sivyo? Basi lile fungu la kuamua, lililosahaulika tangu 1967, mnaweza kuanza nalo msimu huu.

Kuhusu binti yako. Usimwambie ajiamini, wala usimnyanyue ghafla mbele za watu atoe maoni. Mpe kazi. Kijiji kinatakiwa kuitisha mkutano mkuu kila miezi mitatu na kusoma mapato na matumizi, na kamati yako nayo ina hesabu zake za kuwasomea wazazi. Mwombe akusaidie kuziandaa, aziandike kwa mkono wake kwenye bango kubwa, kwa Kiswahili, aulize kila stakabadhi imetoka wapi mpaka azijue kuliko unavyozijua wewe. Halafu siku ya mkutano aende kuzisoma yeye, nawe ukae kwenye benchi pamoja na wazazi wengine. Mtu akimuuliza swali gumu, usimjibie.